Programu ya ukumbini au kitabu cha kumbukumbu? Ulinganisho kwa anayetaka kukusanya karatasi za tamthilia za ziara

Kwenye meza ya muuzaji wa makaratasi ya zamani, vitu viwili hukaa ubavu kwa ubavu. Kimoja ni kikubwa, sentimita 23 kwa 30 hivi, jalada lake la rangi linang'aa na ndani nyuso za waigizaji zimejaa kurasa nzima. Cha pili ni kijitabu chembamba kinachoingia kwenye mfuko wa koti. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai, na nusu ya kurasa zake ni matangazo ya mikahawa, makoti ya manyoya na sigara. Anayeanza kukusanya hunyoosha mkono kwenye kile kikubwa. Mimi pia nilianza hivyo. Siku hizi nachukua kijitabu, na kile kikubwa nakirudisha mezani mara tatu kati ya nne.

Wauzaji huviita vyote viwili "programu", na hapo ndipo mtu huingia mkenge. Hapa nitakiita kile kikubwa kitabu cha kumbukumbu, na kile chembamba programu ya ukumbini. Nazungumzia maonyesho ya ziara tu, yaani tamthilia zilizofungasha mapazia, mavazi na waigizaji zikazunguka mji hadi mji kwa treni au malori. Kwa onyesho lililokaa ukumbi mmoja miaka mitatu, tofauti ya vitu hivi viwili ni ndogo. Kwa onyesho la ziara ni kama usiku na mchana.

Kimoja kilisafiri, kingine hakikutoka mjini

Kitabu cha kumbukumbu kilitolewa na upande wa mtayarishaji. Kilipigwa chapa kwa wingi, kikasafirishwa pamoja na masanduku ya mavazi, kikauzwa kwenye sebule ya ukumbi kabla ya pazia kufunguliwa na wakati wa mapumziko. Kwa kuwa kilipaswa kufaa kila mji, kwa kawaida hakitaji mji wowote, wala tarehe. Mara nyingi picha zake zilipigwa onyesho likiwa bado New York au London, kwa hiyo sura unazoziona si lazima ziwe zile zilizopanda jukwaani ziarani. Majina ya kikosi cha ziara yaliwekwa kwenye karatasi ya kuchomeka katikati, na karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea.

Somo hilo nililipia. Nilinunua kitabu cha kumbukumbu cha tamthilia ya muziki kwa sababu ya mwigizaji mmoja aliyejaa kwenye jalada na kurasa sita za ndani. Muuzaji alikuwa ameandika kuwa ni "programu ya ziara", na kweli ilikuwa. Baadaye nikagundua kwamba mwigizaji yule hakwenda ziarani hata siku moja. Karatasi ya kuchomeka iliyotaja waliokwenda haikuwamo, ila alama ya kutu ya kibanio ilionyesha mahali ilipokuwa imekaa miaka yote hiyo.

Programu ya ukumbini ni mtoto wa mji. Ilichapishwa na ukumbi wenyewe au na kampuni ya hapo hapo iliyopewa kazi hiyo, mara nyingi kwa wiki moja tu. Inataja ukumbi, siku, waliocheza wiki ile, mpangilio wa matendo na maonyesho, na wakati mwingine hata aliyeongoza bendi. Ikiwa mwigizaji mkuu aliugua siku hiyo, ndani yake kutakuwa na kikaratasi kidogo kinachosema nafasi yake itachukuliwa na mwigizaji wa akiba. Wengi huona kikaratasi hicho ni takataka na kukitupa. Kwangu ni sababu ya kununua, kwa kuwa ndicho kinachosema kilichotokea jukwaani usiku ule, huku kurasa nyingine zikisema kilichokusudiwa tu.

Chukua Othello ya Shakespeare iliyochezwa na Paul Robeson, mwigizaji mweusi wa Marekani. Onyesho hilo lilifunguliwa New York tarehe 19 Oktoba 1943 na kuchezwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia Broadway, yaani kumbi kuu za New York. Kisha likazunguka Marekani katika msimu wa 1944 na 1945. Robeson alikataa kucheza mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi. Kitabu cha kumbukumbu kinakupa picha za Robeson na waigizaji wenzake Uta Hagen na José Ferrer, na ni picha za kutazamwa. Programu za ukumbini, ukizipanga kwa tarehe, zinakupa njia yenyewe ya ziara: miji waliyoingia na, kwa mapengo yake, miji waliyoipita kando.

Hata hivyo kitabu cha kumbukumbu kina sifa zake. Ukipenda mandhari ya jukwaa, mavazi, uchoraji wa majalada na upigaji picha, programu ya ukumbini haitakushibisha, maana mara nyingi haina picha hata moja ya onyesho. Kitabu kilichapishwa kwenye karatasi nzito zaidi, na kwa kuwa mtu alikilipia hakukiacha chini ya kiti. Ndiyo maana vimebaki vingi, na ndiyo maana mara nyingi ni rahisi kuvipata katika hali nzuri. Anayetaka kitu cha kuweka kwenye fremu ukutani achukue kitabu bila kuona haya. Akague tu kwamba karatasi ya kuchomeka imo.

Tatizo la mwaka

Programu nyingi za kumbi za Marekani zina ila moja inayoudhi: zinataja siku na tarehe lakini mwaka hazitaji. "Wiki inayoanza Jumatatu, Novemba 8." Ya mwaka gani? Aliyekuwa ameketi ukumbini alijua, hakuhitaji kuambiwa.

Lakini siku ikiungana na tarehe ni ufunguo. Kati ya 1930 na 1960, Novemba 8 iliangukia Jumatatu mara nne tu: 1937, 1943, 1948 na 1954. Ukijua tamthilia iliandikwa lini, miaka miwili au mitatu inaondoka papo hapo. Matangazo yanamaliza kazi: yakihimiza watu wanunue hati za mkopo wa vita, uko 1943. Kwa njia hii programu isiyo na mwaka inaweza kupewa tarehe kamili kwa dakika tano na kalenda. Kitabu cha kumbukumbu kisichotaja tarehe hakina pa kushikia namna hiyo. Unaweza kujua msimu, siku huwezi.

Ya Marekani au ya Uingereza?

Huko Marekani programu ya ukumbini hutolewa bure. Playbill, inayochapisha programu hizo, ilianzishwa New York mwaka 1884 na Frank Vance Strauss, na mpaka leo Broadway humkabidhi mtazamaji nakala yake bila malipo, matangazo ndiyo yanayolipia. Huko Uingereza mtazamaji hununua. Matokeo yake ni kwamba za Marekani zimejaa biashara za mji na zilitupwa kwa urahisi, ilhali za Uingereza zilitunzwa zaidi na mara nyingi mwenyewe ameandika tarehe kwa penseli juu ya jalada.

Za Uingereza zina utamu wake wa maneno madogo. Utakuta tangazo kwamba pazia la usalama, lile la kuzuia moto, litashushwa mbele ya kila hadhira. Za miaka ya vita vya pili zimepungua hadi kuwa karatasi moja iliyokunjwa, kwa sababu karatasi iligawiwa kwa kipimo, na zinaeleza watazamaji watakavyoarifiwa king'ora cha ndege kikilia. Kumbuka pia kwamba Waingereza walipanga ziara kwa madaraja. Ziara ya daraja la kwanza ilipita miji mikubwa, na zilizofuata zilikwenda kwenye miji midogo zikiwa na waigizaji wasiojulikana sana. Programu za madaraja ya chini hazigombewi, na kwa mtu mwenye subira hapo pana uwindaji mzuri.

Maneno ya usalama huko Marekani yana kisa cha kusikitisha. Ukumbi wa Iroquois wa Chicago ulifunguliwa Novemba 1903 ukijitangaza kuwa hauwezi kabisa kushika moto. Desemba 30 mwaka huo huo, katika onyesho la mchana la Mr. Bluebeard, uliungua na kuua watu zaidi ya 600. Programu ya ukumbi ule wa wiki tano ni kitu ambacho wengine hukisaka na wengine hawataki kukiweka nyumbani. Siwalaumu hao wa pili.

Kabla ya Broadway au baada yake

Huu ndio uamuzi ninaouona mzito kuliko yote, kwa sababu ziara zina sura mbili zisizofanana hata kidogo.

Ya kwanza ni ziara ya majaribio. Onyesho jipya hupelekwa miji kadhaa kwa wiki chache, huku mwandishi akikesha kubadilisha maneno na nyimbo zikiingia na kutoka. Programu za wiki hizo zinashika kitu kikiwa bado kibichi. Mfano ambao kila mkusanyaji anaujua ni wa Shubert Theatre, New Haven, Machi 1943. Programu inasema Away We Go! Kabla ya kufika New York mwisho wa mwezi huo, onyesho lilikuwa limebadilishwa jina kuwa Oklahoma! na wimbo Boys and Girls Like You and Me ulikuwa umekatwa. Kwa Uingereza kuna tamthilia ya The Mousetrap, iliyoanza Theatre Royal ya Nottingham tarehe 6 Oktoba 1952, ikiwa na Richard Attenborough na mkewe Sheila Sim, wiki saba kabla ya kufunguliwa London. Programu ya Nottingham haina dalili yoyote kwamba waliomo wameanzisha onyesho litakalochezwa kwa miongo. Ni wiki moja kama nyingine.

Ya pili ni ziara ya ushindi: onyesho limekwisha kupendwa, linatumwa nchi nzima. Kikosi cha ziara cha Oklahoma! kilianza Oktoba 1943 na kuzunguka karibu miaka kumi. Hebu fikiria ni programu ngapi hizo. Hazina uadimu wa New Haven, lakini zina raha nyingine, nayo ni kumkuta mtu kabla hajawa mtu. John Raitt alicheza Curly, mhusika mkuu, katika kikosi cha ziara kabla ya kupewa nafasi kuu ya tamthilia nyingine ya muziki, Carousel, mwaka 1945. Programu yenye jina lake kutoka mji wa ziarani bado hukaa kwenye rundo la karatasi zisizopangwa, kwa sababu muuzaji husoma jalada na hasomi orodha ya ndani.

Nichague zipi, utaniuliza. Za majaribio zinajulikana, zinapigiwa mnada, na ushindani wake ni wa watu wenye mifuko mirefu. Ningemshauri mgeni aanze na ziara ya ushindi ya onyesho moja analolipenda, ajifunze kusoma orodha za majina, kisha anunue moja tu ya majaribio siku atakapoitambua kabla ya mwenzake. Kuna kundi la tatu la pembeni, ziara zilizovuka bahari: opera ya Porgy and Bess iliyoondoka Marekani mwaka 1952 na Leontyne Price na William Warfield, ikafika ukumbi wa opera wa La Scala, Milan, mwaka 1955 na Leningrad mwishoni mwa mwaka huo, au Hello, Dolly! ya Mary Martin iliyokwenda Tokyo na Vietnam mwaka 1965. Onyesho moja, programu za lugha nyingi. Ukianza huko hutatoka.

Vipi kuhusu matangazo ya karatasi moja?

Kabla programu haijawa kijitabu, kulikuwa na karatasi moja ndefu, nyembamba, imejaa herufi za ukubwa tofauti, iliyobandikwa ukutani na pia kusomwa ukumbini. Anayependa karne ya 18 na 19 ataishia huko. Jambo moja hushangaza wengi: tangazo la 1820 linaweza kuwa jeupe kuliko programu ya 1910. Lile la kwanza ni karatasi ya matambara, hii ya pili ni ya rojo la mbao yenye asidi inayojila yenyewe polepole.

Lakini huko ndiko kwenye bandia nyingi. Usiku wa Aprili 14, 1865, Rais Lincoln wa Marekani alipopigwa risasi katika ukumbi wa Ford's Theatre, jukwaani kulikuwa na Laura Keene, nyota wa kupita, katika Our American Cousin. Tangazo la usiku ule lilianza kunakiliwa mapema, na nakala hizo zimekuwa zikiuzwa kama halisi tangu hapo. Lenzi ndogo inasaidia. Herufi za risasi au mbao zilizobonyezwa huacha kijidimbwi unachoweza kukihisi kwa nyuma ya karatasi. Ukiona vidoti vidogo vidogo vimeunda herufi, hiyo ni picha ya tangazo. Na kama unaambiwa tangazo la Lincoln limeokotwa darini, toka taratibu.

Kwa onyesho, kwa ukumbi, au kwa mtu

Kukusanya kwa onyesho kuna mwisho unaoonekana, na ndiyo njia rahisi ya kujifunza. Kukusanya kwa ukumbi mmoja kunakupa historia ya mji: ziara zote zilizopita pale, nzuri na mbovu, na matangazo yanayobadilika kutoka magari ya farasi hadi redio. Kukusanya kwa mwigizaji ni hatari kwa mfuko, kwani wengine walizunguka maisha yao yote. Mwigizaji Mwingereza Henry Irving alifanya ziara nane Marekani tangu 1883, na alifariki akiwa ziarani Bradford Oktoba 1905, saa chache baada ya kucheza tamthilia ya Becket. Kampuni ya D'Oyly Carte ilizunguka na tamthilia za muziki za Gilbert na Sullivan kwa zaidi ya karne, hadi 1982. Mtu akikuambia anakusanya D'Oyly Carte "yote", mpe pole.

Yenye saini au isiyo nayo

Saini huongeza bei haraka kuliko kitu kingine, na ndiyo inayodanganya haraka kuliko kitu kingine. Nina kipimo kimoja rahisi. Bolpeni ilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1945. Mwigizaji Mfaransa Sarah Bernhardt, aliyezunguka Marekani mara nyingi tangu 1880, alifariki 1923. Saini yake kwa bolpeni ni kichekesho, lakini vichekesho hivyo vinauzwa. Kinyume chake hakithibitishi kitu: wino wa kalamu ya kuchovya unanunulika mpaka leo. Mimi sinunui saini nisipojua ilitoka mkononi mwa nani, na bila saini nimelala vizuri zaidi.

Hali, na namna ya kuhifadhi

Kwa kitabu cha kumbukumbu dai hali nzuri, kwa kuwa kingine kitakuja. Kwa programu ya ukumbini ya ziara ya wiki moja usijivune. Kona iliyokunjika, pini zenye kutu, madoa ya kahawia, vyote vinavumilika. Visivyovumilika ni ukurasa wa majina uliokatwa na mkasi ili kubandikwa kwenye albamu, na gundi ya utepe iliyopenya karatasi.

Kwenye mifuko, uchaguzi ni kati ya plastiki ya PVC na polyesta. PVC ni rahisi, hunata, na hutoa asidi inayokula wino. Chukua polyesta, weka ndani na kadi isiyo na asidi, laza bapa mahali pakavu pasipofikiwa na jua. Usipitishe kitu kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki, kamwe. Kikaratasi cha mwigizaji wa akiba kipe mfuko wake mwenyewe nyuma ya programu, maana karatasi hafifu huacha kivuli cha njano kwenye ukurasa unaoigusa.

Maelezo yako yaandike kwa penseli kwenye kadi, usiyaandike kwenye programu. Ila kama mwenye programu wa kwanza aliandika pembeni ya jina la mwigizaji kwamba alisahau maneno tendo la pili, na muuzaji akakupunguzia bei kwa sababu "imechafuliwa", lipa haraka kabla hajabadili mawazo.